Kusamehe Si Kunyamaza

Somo juu ya Amri ya Tano: Watoto wanaoonewa shuleni



Wapenzi wasikilizaji, wazazi, walimu, wakatekumeni, nanyi watoto mlioketi kandokando ya redio, nawasalimu kutoka Vitshumbi, kijiji chetu cha wavuvi kwenye pwani ya kusini ya Ziwa Edouard. Katika somo lililopita tulianza kuieleza Amri ya Tano ya Mungu. Tuliona ya kwamba amri hiyo haikatazi kuua tu, bali hukataza pia kila tendo na kila neno la kumdhuru mwenzetu, mwilini au rohoni. Leo tutaitazama amri hiyo hiyo mahali ambapo wengi hawadhani kwamba inavunjwa, yaani katika uwanja wa shule na njiani kwenda shuleni.

Najua wako watakaosema: "Mwalimu, watoto hugombana asubuhi, na jioni hucheza pamoja. Kwa nini kuleta jambo hilo katika mafundisho ya dini?" Zamani nami nilisema hivyo hivyo. Nisikilizeni kwanza niwaeleze kosa langu, kisha mtaamua wenyewe kama ni jambo dogo.

KOSA LANGU

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya mafundisho ya Komunyo ya kwanza, alinijia mtoto wa kiume wa mwaka wa nne. Baba yake alikuwa amezama ziwani usiku wa dhoruba, na mama yake alijitafutia riziki kwa kupasua na kutia chumvi samaki wa watu wengine. Walikuwa wamefika kwetu wakikimbia vita, na mtoto alisema Kiswahili kwa lafudhi ya kwao. Vijana watatu wa mwaka wa sita walikuwa wakimngojea njiani kila siku. Walimnyang'anya kalamu. Walimlazimisha kuwapa chakula alichofungiwa na mama yake. Walimwita kwa jina la kabila lake kana kwamba jina hilo ni tusi. Na siku moja walimwambia ya kwamba ziwa lilimmeza baba yake kwa sababu halikumtaka mgeni. Alipofika kwenye neno hilo la mwisho, mtoto alishindwa kuendelea, akalia.

Nilimjibu nini? Nilimwambia: "Mwanangu, hata Yezu alitukanwa. Wasamehe, uwaombee, urudi shuleni." Nikamwekea mkono kichwani, nikaenda zangu nikijiona nimefundisha vema.

Juma lililofuata hakuonekana darasani wala katika mafundisho. Nilidhani ana homa. Mwezi ulipokwisha, nilikuwa nikipita ufukoni alfajiri, saa ile mitumbwi inaporudi. Nilimwona akivuta wavu pamoja na watu wazima, viganja vyake vimepasuka kwa kamba, macho yake mekundu kwa kukesha. Naye alikuwa mtoto wa miaka kumi. Nikamwuliza: "Mwanangu, mbona umeacha shule?" Akanijibu pasipo hasira: "Nimekwisha kuwasamehe, Mwalimu. Lakini kule sirudi."

Ndugu zangu, jibu hilo lilinichoma. Kila mvuvi anayenisikiliza anajua hatari za ziwa usiku: upepo unaoinuka ghafula, na viboko wanaopindua mtumbwi. Mimi nilimpeleka mtoto kwenye maji yale yale yaliyomwua baba yake, na nilimpeleka kwa maneno ya Injili niliyoyakata katikati. Nilimfundisha kusamehe, nayo ni kweli. Sikumfundisha kusema, wala mimi mwenyewe sikusema kwa ajili yake, na huo ulikuwa udhaifu wangu.

YEZU ALIPOPIGWA KOFI

Sisi sote tunalijua fundisho la Bwana wetu juu ya kugeuza shavu la pili. Lakini wengi hatukumbuki jinsi Yeye mwenyewe alivyofanya alipopigwa kofi. Yohani Mtakatifu anatusimulia katika sura ya 18 ya Injili yake. Usiku wa mateso, Yezu alisimamishwa mbele ya kuhani mkuu. Alipojibu swali, mtumishi mmoja akampiga kofi. Yezu alifanya nini? Hakumrudishia kofi, na hakumtukana. Wala hakunyamaza. Alimwuliza mtu yule aonyeshe ubaya uko wapi katika maneno yake. Na kama haupo, aeleze kwa nini anampiga.

Lifikirini jambo hilo. Kugeuza shavu maana yake ni kukataa kisasi. Si kuuficha uovu, wala kuuita uovu jina zuri. Aliye Mwana-Kondoo wa Mungu alimwuliza mwenye kumwonea: "Kwa nini?" Basi mtoto Mkristu anayeuliza hivyo hakosi upole, bali amfuata Bwana wake.

Tunao pia mfano katika nchi yetu wenyewe. Mwenyeheri Isidore Bakanja alikuwa kijana wa Kikongo, mwashi, aliyebatizwa mwaka 1906. Mzungu mmoja, mkubwa wa shamba alikofanya kazi, alichukia sala zake na skapulari ya Bikira Maria aliyoivaa shingoni, akaamuru achapwe kikatili mpaka mgongo ukawa kidonda kitupu. Bakanja aliteseka miezi mingi, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994. Kila mara tunafundisha ya kwamba Bakanja alimsamehe mtesi wake na kuahidi kumwombea mbinguni. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini tuseme pia habari nyingine. Alipojua kwamba mkaguzi wa kampuni anapita, alijikokota na vidonda vyake mpaka kwake, akamwonyesha mgongo wake. Tena aliagiza ya kwamba mama yake, mwamuzi na padri waambiwe sababu ya kifo chake. Mdomo ule ule uliosamehe ndio uliosema kweli. Bakanja hakuona vita kati ya mambo hayo mawili, nasi tusiyagombanishe.

KIBOKO KATIKA NJIA YA MAJI

Watoto wa Vitshumbi hujifunza jambo moja hata kabla ya kujifunza kusoma. Usiku viboko hutoka ziwani kuja kula majani, na mara nyingine hupita katikati ya nyumba zetu. Mtoto anayekwenda kuchota maji akimwona kiboko penye njia, afanyeje? Hamtupii mawe, kwa maana kiboko akighadhibika ana nguvu kupita mtu. Hasongi mbele akisema, "Nitavumilia." Wala harudi nyumbani na kunyamaza, kwa maana nyuma yake anakuja mdogo wake na ndoo. Hurudi nyuma polepole, huwaita wenzake, humwambia mtu mzima. Wala hakuna hata mmoja kijijini amwitaye mwoga au mchongezi.

Watoto wangu, mwenzenu anayewaonea si mnyama. Ni mtoto wa Mungu kama ninyi, na baadaye tutamsemea yeye pia. Lakini busara mliyo nayo penye maji, kwa nini mnaiacha penye shule?

HATUA TATU ALIZOTUPA BWANA

Katika sura ya 18 ya Injili ya Mateo, Yezu anatufundisha la kufanya ndugu anapotukosea. Kwanza tuseme naye peke yake. Asiposikia, twende na mtu mmoja au wawili. Asiposikia tena, tulipeleke jambo mbele ya Kanisa. Tazameni jinsi hatua hizo zinavyofaa shuleni.

Hatua ya kwanza ni neno fupi. Mtu akikuonea, simama wima, mtazame usoni, useme kwa sauti ya kusikika: "Acha. Jambo hili silitaki." Usiongeze tusi. Usimtaje mama yake wala kabila lake. Ukiisha kusema, usingoje jibu. Ondoka, uelekee penye watu. Anayeonea hutafuta kuona hofu yako au hasira yako, na akiikosa, pengine huchoka. Na kama machozi yanakutoka, usione ni dhambi. Bwana wetu naye alilia machozi.

Hatua ya pili ni wenzako. Usitembee peke yako. Mvuvi mwenye akili haendi ziwani usiku mtu mmoja. Tafuta wenzako wawili wa jirani, mwende pamoja na kurudi pamoja, mcheze pamoja wakati wa mapumziko. Kazi ya wenzako si kupigana. Kazi yao ni kusimama karibu nawe na kusema: "Mwache." Neno la watatu lina uzito kuliko neno la mmoja.

Hatua ya tatu ni kumwambia mkubwa: mzazi, mwalimu wa darasa, direkta wa shule, katekista, padri. Mweleze mambo matano: nani alifanya, alifanya nini, wapi, siku gani, na nani aliona. Usiongeze neno, usipunguze neno. Na mkubwa wa kwanza asipokusikiliza, kama mimi nisivyomsikiliza yule mtoto, usikate tamaa. Nenda kwa wa pili. Nenda kwa wa tatu. Mungu hajakosa mtu wa kukusikia.

Lakini sikieni vema jambo hili. Kama anayekuonea ana kisu au silaha, au amekujeruhi, au anakugusa mwili kwa namna ya aibu, au mwenye kukutendea hayo ni mtu mzima, basi usianze kwa hatua ya kwanza wala ya pili. Kimbilia mara moja kwa mkubwa unayemwamini, siku ile ile. Hata kama amekuapisha usiseme, sema. Kanisa linafundisha ya kwamba kiapo cha kuficha uovu hakimfungi mtu.

KUCHONGEA NA KUSHUHUDIA

Mtoto mmoja aliniuliza: "Mwalimu, nikisema, si nitakuwa mchongezi?" Ni swali jema, na nataka wote walijue jibu lake. Mchongezi husema ili mwenzake aumizwe. Shahidi husema ili mtu asiumizwe. Mchongezi hufurahi kuona fimbo. Shahidi hufurahi kuona amani. Kabla ya kusema, mtoto ajiulize moyoni: je, nataka nini kitokee? Akijibu kwamba anataka maovu yakome, basi aseme bila hofu.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 23, iko habari fupi ambayo wengi huipita upesi. Watu zaidi ya arobaini walifanya shauri la kumwua Paulo Mtakatifu. Kijana mmoja, mwana wa dada yake Paulo, alisikia habari ya shauri hilo. Angaliweza kuogopa, maana wao walikuwa watu wazima na wengi, naye alikuwa kijana tu. Lakini aliingia ngomeni akamwambia mjomba wake, na Paulo akaomba apelekwe kwa mkuu wa askari. Na mkuu yule, mtu wa vita na asiye Mkristu, alimshika kijana mkono, akamtenga kando, akamwuliza ana habari gani. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwonya asimwambie mtu, na usiku ule ule akatoa askari wa kumlinda Paulo. Hivyo Mtume wa Mataifa aliokoka kwa sababu kijana alisema, na kwa sababu mkubwa alisikia.

Enyi wazazi na walimu, mtazameni mkuu yule. Alimshika mkono; hakumkemea. Alimtenga kando, hakumwuliza mbele ya watu. Alisikia mpaka mwisho, akatunza siri, kisha akatenda siku ile ile. Mimi Mkristu, mwalimu wa dini, nilifanya pungufu kuliko askari yule wa Kirumi.

KWA WAZAZI

Mara nyingi mtoto anayeonewa hasemi kwa kinywa; husema kwa mwili na kwa vitu. Mashati yake hupasuka, na kalamu hupotea kila juma. Siku ya kwanza ya masomo tumbo humwuma, na siku ya mapumziko hupona. Huzunguka kwa njia ndefu asipite njia fulani. Hurudi na njaa ingawa alichukua chakula. Huanza tena kukojoa kitandani. Au aliyekuwa mpole huanza kumpiga mdogo wake. Mkiona hayo, msianze kwa fimbo. Mketi naye jioni mkitengeneza nyavu au mkichambua maharagwe, mmwulize taratibu: "Mwanangu, njiani kukoje siku hizi?" Kisha mnyamaze, mngoje. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Lakini mtoto hafichui maradhi yake kwa mtu mwenye haraka.

Akiisha kusema, msimwambie, "Nawe mpige!" Najua maneno hayo hutoka kwa upendo. Lakini anayeonea kwa kawaida ndiye mwenye nguvu, na mtoto wenu atapigwa mara mbili. Na hata akishinda, amejifunza nini, ila kwamba haki ni ya mwenye ngumi? Tena, katika Kivu yetu tumeona ugomvi wa watoto wawili ukawa ugomvi wa nyumba mbili, kisha wa makabila mawili. Cheche ndogo huunguza kijiji. Kwa hiyo pia msiende wenyewe kwa hasira nyumbani kwa mtoto wa pili. Nendeni shuleni, au mfikishe jambo kwa mzee wa shirika lenu la Kikristu, awaketishe pande zote mbili.

Tena jambo moja la kufanya nyumbani. Zoezeni. Baba ajifanye yule mwonevu, asimame mlangoni aseme, "Nipe kalamu yako!" Na mtoto ajifunze kusimama wima na kusema neno lake fupi. Mara ya kwanza atacheka, mara ya pili atanong'ona, mara ya tano sauti yake itatoka. Mvuvi hajifunzi kuogelea siku ya dhoruba.

Na tuchunguze ndimi zetu wenyewe. Wale vijana watatu hawakuzaliwa wakijua kutukana wageni. Waliyasikia maneno hayo mahali fulani, labda penye moto jioni, vinywani mwa watu wazima.

KWA WALIMU

Walimu wapendwa, najua mzigo wenu. Tangu mwaka 2019, serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, watoto wengi waliokaa nyumbani waliingia shuleni. Tulimshukuru Mungu kwa hilo, lakini madarasa yalijaa kupita kiasi. Mwalimu mmoja hawezi kuona kila kona. Kwa hiyo atazame zaidi mahali panapofichika: nyuma ya vyoo, penye maji, na njia ya kurudi nyumbani. Achague watoto wakubwa wawili au watatu wenye moyo mwema, awakabidhi wadogo njiani, akiwapa kazi hiyo kuwa heshima.

Kesi ikifika, asiwachape wote wawili ili apate kimya. Kumchapa aliyeonewa pamoja na aliyeonea ni kumwambia kwamba haki haipo. Awasikilize mmoja mmoja, awaite mashahidi, kisha aangalie siku zinazofuata kama maovu yamekoma kweli. Na akumbuke ya kwamba sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na inampa haki ya kulindwa na kila namna ya ukatili. Lakini sisi Wakristu tunayo sheria iliyotangulia hiyo. Bwana wetu alipotaja adhabu ya mtu anayewakosesha wadogo, alitaja jiwe zito shingoni na kilindi cha maji. Ninyi wavuvi mnajua kilindi ni nini.

KWA YULE ANAYEONEA

Labda wewe unayenisikiliza sasa ndiwe unayewangoja wadogo njiani. Sikutukani. Nilipofuatilia habari ya wale watatu, niligundua ya kwamba mkubwa wao alikuwa akipigwa nyumbani karibu kila usiku na mjomba wake aliyelewa kanyanga. Alichopokea usiku aligawa asubuhi. Hilo halimwondolei kosa, lakini lilituonyesha mahali pa kuanzia dawa. Wazee wa shirika walikwenda kusema na mjomba yule mara tatu.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, nasi tunaoishi kwa samaki twaelewa kuliko wote. Mtoto anayeonea asipokunjwa mapema kwa upendo na kwa uthabiti, atakauka hivyo hivyo, na kesho atakuwa mtu mwenye bunduki penye kizuizi cha njia. Kumkunja si kumvunja. Katika Sakramenti ya Kitubio tunafundishwa kwamba majuto hayatoshi. Mwizi lazima arudishe, aliyesingizia lazima asafishe jina la mwenzake. Basi vijana wale waliamriwa kurudisha kalamu walizochukua, na kukiri mbele ya wale wale waliowasikia wakitukana ya kwamba maneno yao juu ya marehemu baba yake yalikuwa uongo. Hawakuchapwa. Mkubwa wao aliniambia baadaye kwamba fimbo ingalikuwa nyepesi zaidi.

KWA WANAOTAZAMA

Mmewaona marabu wanavyokusanyika ufukoni penye matumbo ya samaki. Ndivyo watoto wanavyokusanyika penye ugomvi. Wengi hawapigi, hawatukani. Wanatazama tu, na wengine wanacheka. Je, hao hawana neno mbele ya Mungu?

Kumbukeni Rubeni, kaka yake Yosefu, katika kitabu cha Mwanzo. Ndugu zake walipotaka kumwua Yosefu, Rubeni aliwashauri wamtupe shimoni tu, akikusudia kumrudisha kwa baba yao kwa siri. Nia yake ilikuwa njema. Lakini hakusema wazi, tena akaondoka mahali pale. Aliporudi, shimo lilikuwa tupu, Yosefu amekwisha kuuzwa. Nia njema iliyochelewa haikumsaidia ndugu yake. Nami nikisoma habari hiyo, najiona nimesimama penye shimo tupu, nikiwa na neno zuri kinywani.

Kinyume chake tunaye mwana wa Goma, Mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Kazi yake ilikuwa kukagua vyakula vilivyoingia mpakani. Alikataa kupokea fedha ili apitishe chakula kilichooza, akijua kwamba watu wangekula na kuumia. Kwa ajili ya hayo aliuawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na miaka 26, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri huko Roma. Yeye huyo alikuwa akiwapenda watoto wa barabarani wa Goma, ambao kila apitaye huwatukana, akawafundisha kusoma na kuketi pamoja nao kama ndugu. Watoto, hamna mpaka wa kulinda. Lakini mnao uwanja wa shule. Mkiona kitu kilichooza kinapita hapo, msikipitishe. Kama mnaogopa kusema mbele ya mwonevu, basi mwendee aliyeonewa baadaye, mketi naye, mgawane naye mhogo wenu. Hilo peke yake linavunja nusu ya nguvu ya uonevu, kwa maana anayeonewa huumia zaidi kwa kuwa peke yake.

MWISHO WA HABARI

Mtoto yule alirudi shuleni. Haikuwa kwa siku moja. Kwanza nilimwomba radhi pale ufukoni, nikamwambia: "Mwanangu, nilikufundisha nusu ya neno." Kisha nilikwenda naye na mama yake kwa direkta, naye alitusikiliza vema. Watoto wawili wa jirani walianza kumpitia nyumbani kila asubuhi. Lakini mwaka wa nne ilimbidi aurudie. Mwaka mzima wa mtoto ulipotea kwa sababu ya jibu langu la dakika moja. Nawaambia haya ili ninyi msichelewe kama mimi.

MASWALI NA MAJIBU
(Mzazi au mwalimu aulize, watoto wajibu.)

1. Je, kumtesa na kumdhihaki mwenzetu shuleni kunavunja amri gani?
Kunavunja Amri ya Tano, kwa maana humdhuru mwenzetu mwilini na rohoni.

2. Je, aliyeonewa analazimika kunyamaza?
Hapana. Anakatazwa kisasi, lakini hakatazwi kusema kweli. Yezu mwenyewe alimwuliza aliyempiga kofi sababu yake.

3. Hatua tatu ni zipi?
Kusema neno fupi bila tusi, kwenda pamoja na wenzetu, kumwambia mkubwa. Lakini penye hatari kubwa, tunakimbilia kwa mkubwa mara moja.

4. Mchongezi na shahidi wana tofauti gani?
Mchongezi husema ili mtu aumizwe. Shahidi husema ili mtu asiumizwe.

5. Aliyeonea afanye nini?
Atubu, arudishe alichochukua, asafishe jina alilolichafua, asirudie tena.

6. Anayetazama tu ana wajibu gani?
Asicheke, asiondoke kama Rubeni. Asimame karibu na aliyeonewa, aseme kweli kwa mkubwa.

AZIMIO LA JUMA HILI

Kila mzazi amwulize mtoto wake mara moja juma hili juu ya njia ya shule, na amsikilize mpaka mwisho. Kila mtoto amtafute mwenzake mmoja anayekaa peke yake wakati wa mapumziko, amwite kucheza.

Tuombe. Ee Yezu, uliyepigwa kofi ukasema kweli, uliyetundikwa msalabani ukasamehe, uwape watoto wetu ulimi wa kweli na moyo usio na kisasi. Utupe sisi wakubwa masikio ya kuwasikia. Mwenyeheri Isidore Bakanja, utuombee. Mwenyeheri Floribert, utuombee. Amina.

Katika somo lijalo tutaeleza, katika Amri ya Tano hiyo hiyo, dhambi ya kuweka kinyongo. Mbaki na amani ya Kristu.